Dua la Kuku Tumelisikia, la Mwewe Je?

Uhakiki mfupi wa jinsi tunavyoandika na kufundisha habari za mifugo na wanyamapori



Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza insha yenye kichwa "Mifugo na wanyamapori katika wilaya yetu". Nia yangu ilikuwa kupima upatanisho wa kisarufi na matumizi ya viunganishi, si zaidi ya hapo. Nilipokaa kusahihisha nilikuta makosa yale tuliyoyazoea. Mmoja aliandika kwamba serikali inalinda "nyamapori" katika hifadhi. Nikacheka peke yangu, maana kwa maneno yake mbuga zetu zimegeuka bucha. Nikamwandikia pembeni kwamba nyamapori ni kitoweo na wanyamapori ndio wanaotembea, ingawa Waswahili wa pwani ya kaskazini huweza kusema "nyama wa mwitu" wakiwa na maana ya mnyama mzima.

Nilipofika katikati ya rundo, kicheko kilikwisha. Karibu insha zote zilisimulia kisa kimoja. Usiku unaingia, ng'ombe wamelala zizini, simba au fisi au chui anakuja, ndama analiwa, wanakijiji wanakusanyika na mikuki, mnyama anauawa, kijiji kinashangilia. Sikukuta hata insha moja ambayo ndani yake mfugo au mfugaji alimdhuru mnyama wa porini kwanza. Kwa Kiswahili cha wanafunzi wangu, madhara yana njia moja tu: yanatoka porini yanakuja zizini.

Singeweza kuwalaumu. Insha yangu ya kwanza ya Kiswahili iliyosifiwa, nilipokuwa chuo cha ualimu, ilikuwa hiyo hiyo. Niliiita "Fisi Mwizi". Nitairudia hapo mbele, kwa sababu kuna jambo niliacha kuliandika.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba lugha tunayofundishia imempa mnyamapori nafasi moja katika sentensi, nayo ni ya mtenda mabaya. Historia ya eneo letu inasema vingine. Ufugaji umewatenda wanyamapori mambo makubwa na ya muda mrefu, nasi hatuna mazoea ya kuyatungia sentensi. Mwalimu wa lugha asipolitambua hilo atakuwa anafundisha sarufi sahihi na habari nusu.

Methali, ngano na ngeli

Tuanze na methali, kwa kuwa ndiko wanafunzi wanakochota mapambo ya insha. Iliyotumika mara nyingi katika rundo lile ni "Dua la kuku halimpati mwewe". Ni methali nzuri, na maana yake ya ndani haihusu ndege hata kidogo: inahusu mnyonge na mwenye nguvu. Hata hivyo, taswira hufanya kazi hata pale tusipoituma. Kila anayeitumia methali hii anasimama upande wa kuku. Mwewe hana dua. Hana njaa, hana makinda, wala hana mti uliokatwa pamoja na kiota chake. Vivyo hivyo "Fisi akimla muwele, mzima funga mlango": fisi yuko nje, sisi tuko ndani, na kazi yetu ni kukomea. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" humsifu simba kwa subira yake, lakini bado tunamkuta mezani.

Ngano zetu zina uadilifu zaidi. Sungura ni wa porini na ndiye tunayempenda kwa ujanja wake. Kobe naye ni wa porini, tena mara nyingi ndiye mwenye busara. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba fasihi simulizi ililichukia pori. Lakini hebu tuangalie kinachotokea mara tu ng'ombe au mbuzi anapoingia katika hadithi. Hapo hapo panakuwa na mali, na penye mali lazima atafutwe mwizi. Fisi ndiye anayepewa kazi hiyo, akiwa mlafi na mjinga, na mwisho wake huwa kipigo.

Sarufi nayo ina neno la kusema. Watu wengi husema "mifugo imekufa", kama wanavyosema miti imekauka au mikeka imechakaa, lakini husema "wanyamapori wamekufa". Wapo walimu wanaosisitiza "mifugo wamekufa" kwa hoja kwamba kiumbe hai sharti apate upatanisho wa a-wa. Sina nia ya kuumaliza mjadala huo hapa, na mimi mwenyewe nimefuata mazoea ya wengi. Ninachotaka tukione ni kwamba matumizi ya wengi yanaihesabu mifugo pamoja na vitu, yaani mali. Wanafunzi wetu wanaotoka Rwanda wamewahi kunieleza kwamba kwao "amatungo" ni neno la ukoo mmoja na "gutunga", kumiliki, na kwamba "inyamaswa" ni neno jingine kabisa. Mnyama aliye mali akiliwa, huo ni wizi na kesi ina mlalamikaji. Mnyama asiye mali ya mtu akifa, nani atakwenda kulalamika?

Vitenzi vya habari

Kutoka katika methali twende kwenye habari za redio na magazeti, ambako wanafunzi huokota vitenzi. Humo tembo "huvamia" mashamba, simba "huvamia" boma, na chui "hushambulia" mbuzi. Ng'ombe wakiingia katika mbuga ya swala, hatusikii kwamba wamevamia. Wao "wanatafuta malisho". Kitenzi kimoja ni cha vita, kingine ni cha riziki, ilhali wote ni wanyama wenye njaa wanaofuata chakula kilipo.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba zipo habari nyingi za wafugaji "kuingiza mifugo hifadhini", tena zenye maneno makali. Ni kweli. Lakini zisomwe tena kwa makini. Kilichokosewa katika habari hizo ni hifadhi, au sheria, au mpaka. Sijakutana na habari iliyomtaja pofu aliyekosa majani wala mtoto wa swala aliyetenganishwa na mama yake kundi la ng'ombe lilipopita na mbwa wake. Hata katika lugha ya kiofisi ya jirani zetu wa Tanzania lipo fungu la maneno "wanyama wakali na waharibifu". Linatumika kwa tembo, kiboko, simba na wenzao. Ng'ombe mia mbili waliokula bonde mpaka likabaki vumbi hawamo katika fungu hilo, na wala sisemi waingizwe. Ninauliza tu kwa nini kivumishi "haribifu" kiwe cha upande mmoja.

Sotoka: kiima kilichokosewa

Sasa tupime lugha hii kwa historia. Mfano mkubwa kuliko yote ni sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ambao wazee wa Ankole, wa Umasaini na wa Ethiopia waliurithi katika masimulizi ya njaa. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ilikuja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia lililokuwa Massawa. Kufikia mwaka 1890 na 1891 ilikuwa imefika Afrika Mashariki. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi kuelekea kusini. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiopata kuonekana, na watu waliowategemea wakafa kwa njaa.

Hiyo ndiyo sehemu tunayoisimulia. Sehemu nyingine ni kwamba virusi vile havikuuliza nani ni mali na nani si mali. Nyati, pofu, twiga, tandala, ngiri na nyumbu walikufa pia. (Nyumbu ninaowasema ni wale wa porini, si mtoto wa punda na farasi, hapo Kiswahili kimetubania maneno.) Frederick Lugard, aliyesafiri kutoka pwani kuja Buganda mwaka 1890, aliandika habari za mizoga ya nyati aliyoikuta njiani. Mnyama mwenye sotoka hupata homa kali, vidonda vya kinywa, machozi yasiyokatika na kuharisha hadi maji yamwishe mwilini. Hafi kwa saa moja, bali kwa siku kadhaa. Ng'ombe angalau alikuwa na mtu wa kumsogezea maji.

Lakini la kutufundisha sisi watu wa lugha ni lililofuata. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba wanyamapori ndio ghala la sotoka, na kwamba ng'ombe huambukizwa na wao. Tungeiandika ubaoni hivi: "Nyumbu huwaambukiza ng'ombe." Nyumbu ni kiima, ng'ombe ni yambwa. Karibu na mwaka 1960, mtaalamu wa mifugo Walter Plowright na wenzake waliokuwa Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka, na ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka Serengeti wakachanjwa. Hakuna nyumbu aliyechanjwa. Pamoja na hayo, kufikia mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu. Idadi yao, iliyokuwa kama 260,000 mwaka 1961, ilipanda hadi kupita milioni moja katika miaka ya 1970.

Ghala, basi, lilikuwa zizini. Sentensi iliyosimama miaka yote hiyo ilikuwa imepachika kiima mahali pa yambwa. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu, mwaka hadi mwaka, na nyumbu ndio waliobeba jina baya. Sotoka ya mwisho kujulikana ilionekana mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Wengi tulisherehekea kwa ajili ya ng'ombe. Nyati hawakutajwa sana katika hotuba.

Sisemi magonjwa yote yanafuata njia hiyo. Nyati hubeba vijidudu vya ndigana, na kupe huvihamisha kwa ng'ombe wakafa. Nyumbu wanapozaa, Wamasai huondoa ng'ombe wao kwa kuogopa homa ya nyumbu, na wana haki. Njia ina pande mbili. Malalamiko yangu ni kwamba Kiswahili cha darasani kimejenga upande mmoja tu.

Ardhi, damu na sumu

Tuje karibu zaidi na nyumbani. Mji wetu mkuu, Kampala, umepata jina lake kwa swala pala, kwani ulikuwa kilima chao. Mwanafunzi anayetaka kumwona swala huyo leo kwa kawaida huambiwa aende Ziwa Mburo. Historia ya Mburo inatufaa kama kisa cha kuhakikiwa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mbung'o walienea katika sehemu za Ankole na kwingineko Uganda. Mojawapo ya mbinu zilizotumiwa na serikali ilikuwa kuwaajiri wawindaji wawaue wanyamapori, ili mbung'o wakose damu ya kunyonya na nchi ifae kwa ng'ombe. Katika insha ya leo mwanafunzi angeandika "malisho yalipanuliwa". Kauli hiyo ya kutendwa ni safi kabisa kisarufi, ila imezika maelfu ya wanyama ndani yake.

Mburo ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1963, na mwaka 1983 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Familia zilizokuwamo, nyingi zikiwa za wafugaji, zilifukuzwa. Mwaka 1985 utawala ulipobadilika zilirudi, na wapo waliowaua wanyama kwa hasira, kwa hoja kwamba bila wanyama hapatakuwa na sababu ya kufukuzwa tena. Baadaye eneo la hifadhi likapunguzwa kwa zaidi ya nusu. Simba wakatoweka. Ukitafuta mkosaji mmoja katika kisa hiki hutampata: waliofukuza watu hawakuwa na busara, na waliolipiza kisasi walimlipiza asiyefukuza.

Ng'ambo ya mpaka, Akagera ya Rwanda ilipita njia inayofanana na hiyo. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakimbizi wengi walirejea na ng'ombe wao, na walihitaji mahali pa kuishi. Mwaka 1997 hifadhi ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Katika miaka hiyo simba wa Akagera walimalizwa. Uzio wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013, na mwaka 2015 wakaletwa simba wengine kutoka Afrika Kusini. Nani angethubutu kumwambia mkimbizi aliyerudi kwao asichunge? Sithubutu mimi. Lakini simba wale nao walikuwa kwao.

Karibuni zaidi, mwezi Aprili 2018, simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikutwa wamekufa karibu na kijiji cha Hamukungu ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Ilishukiwa kwamba walitiliwa sumu. Methali yetu inasema "Mla mbuzi hulipa ng'ombe", nayo tunaifundisha kama onyo juu ya malipo yanayozidi kosa. Nimejiuliza ni hesabu gani ya methali inayofika kwenye watoto wanane ambao walikuwa hawajaanza hata kuwinda.

Hapa ndipo ninapolazimika kuirudia insha yangu, "Fisi Mwizi".

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Fisi walikula ndama wetu wa pekee wa msimu ule. Baba yangu alichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, akanituma mimi nishike kopo huku yeye akipasua mabaki ya ndama na kuimimina ndani. Asubuhi tulikwenda kutazama. Fisi walikuwa wawili. Niliandika habari zao kwa ufundi wote niliokuwa nao: ulimi ulivyotoka, macho yalivyobaki wazi, furaha ya majirani. Mwalimu wangu alinipa alama za juu na kuisoma darasani.

Nililoliacha ni kwamba tumbusi walikuwa wametapakaa uwandani, wengine bado wakijaribu kuinua mabawa. Mbweha mmoja alikuwa amekufa kwenye njia ya kwenda mtoni, pengine akitafuta maji. Na mbwa wetu, aliyekuwa akilala mlangoni pangu, tulimkuta siku ya pili nyuma ya kichuguu. Tumbusi hawakuwahi kula ndama wa mtu. Kazi yao ni kula kilichokufa, na kwa kazi hiyo husafisha nchi kwa faida ya ng'ombe wetu sisi. Niliwaacha nje ya insha kwa sababu sikuwa na sentensi ya kuwaweka. Katika kisa cha mwizi na mwenye mali, tumbusi hana nafasi. Sikudanganya. Niliandika Kiswahili nilichofundishwa.

Swali la mwanafunzi

Niliporudisha insha za muhula ule niliwaeleza wanafunzi haya yote. Msichana mmoja aliyeketi nyuma alinyoosha mkono. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Wewe una mshahara. Kwetu ng'ombe mmoja ndiye karo yangu. Akiliwa na simba, mimi ninarudi nyumbani. Unataka niandike kwamba simba hana kosa?"

Darasa lilinyamaza. Swali lake ni zito na haliondoki kwa kusifia mandhari. Anayetoa gharama ya kuishi jirani na simba si mtalii, wala si mimi ninayeandika makala haya. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 iliweka mpango wa kuwafidia waliopata hasara, na hilo ni kukiri kwamba mzigo huo haukuwa wa haki. Fidia iliyoandikwa katika sheria, hata hivyo, haimrudishii mtu ng'ombe mpaka imfikie mkononi.

Nilimjibu kwamba simtaki aandike hivyo. Uhakiki huu haukusudii kumvua fisi joho la mwizi na kumvika ng'ombe. Ng'ombe hana hatia. Hajipeleki hifadhini, hajiwekei uzio, na hakupanda meli mwenyewe kwenda Massawa. Kila nilipoandika hapo juu "ng'ombe walifanya" palikuwa na mtu nyuma yao: jeshi lililotaka nyama, serikali iliyotaka malisho, familia iliyotaka karo, na mlaji wa mjini anayetaka maziwa na nyama choma bila kujua vimetoka bonde gani. Mimi ni mmoja wao. Yinon Bar-On na wenzake walikadiria mwaka 2018 kwamba ukipima uzito wa mamalia wote duniani, mifugo ni karibu asilimia 60, binadamu asilimia 36, na wa porini wote, pamoja na nyangumi, asilimia 4 tu. Uzito huo wa mifugo haukujileta wenyewe.

Wala sitaki mfugaji achukuliwe kuwa adui wa pori. Wamasai walijulikana kwa kutokula nyama ya porini, na mbuga kubwa za wanyama tunazojivunia leo zilikuwa malisho yao. Mpaka sasa, nje ya mipaka ya Mburo, pundamilia na swala pala wengi huishi katika mashamba ya ng'ombe. Ng'ombe wanapochungwa katika uwanda ulio wazi, mnyama wa porini huweza kupita. Yanayomwumiza zaidi ni waya, kisima kilichofungwa, sumu, na mbwa wasiochanjwa. Huko Botswana uzio wa Kuke ulijengwa katika miaka ya 1950 ili ng'ombe wasipate ugonjwa wa miguu na midomo kutoka kwa nyati. Katika ukame wa mwaka 1983 makumi ya elfu ya nyumbu walikufa wakitafuta maji ambayo njia yake ilikuwa imezibwa. Ng'ombe walikuwa salama. Lakini ni lazima tuweze kusema mambo yote mawili katika aya moja.

Tufanye nini darasani?

Nina mapendekezo matatu, na yote ni ya kazi yetu ya kila siku.

Kwanza, mwanafunzi anapoandika kisa cha mnyama aliyevamia, aulizwe swali moja pembeni ya karatasi: "Kabla ya hapo?" Simba alikuwa akila nini kabla hajaja zizini? Mawindo yake yamekwenda wapi? Si lazima jibu limtetee simba. Lazima liwepo tu.

Pili, tuyatumie mambo haya katika mazoezi ya kauli na ya kiima na yambwa. Wanafunzi wapewe sentensi kama "Malisho yalipanuliwa", "Wanyama walipungua" na "Ugonjwa uliingia", kisha watafute mtenda na waiandike sentensi upya akiwamo ndani. Ni zoezi zuri la sarufi, na litawafaa hata watakaposoma habari za mambo mengine kabisa.

Tatu, tuangalie vitabu. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Kwa hiyo vitabu na mifano inaandikwa, na baadhi yetu ndio tunaoombwa kuiandika. Mtoto wa Kiruhura au wa Kasese atakutana na neno "fisi" kwa Kiswahili mara ya kwanza katika sentensi yetu. Tukimpa "Fisi ameiba mbuzi" peke yake, tumemfundisha msamiati na hukumu kwa wakati mmoja. Tuongeze hapo chini "Tumbusi amekula mzoga wenye sumu" na "Nyati ameambukizwa na ng'ombe". Maneno ni mepesi vile vile, na ngeli haibadiliki.

Msichana yule aliandika insha yake upya. Hakumsamehe simba, na sikumtaka amsamehe. Lakini aliongeza aya moja kuhusu kisima ambacho ukoo wao ulikizungushia miiba mwaka wa ukame, na paa walioonekana wakizunguka nje yake usiku kucha mpaka wakaacha. Alikuwa analijua jambo hilo siku zote. Nilimsahihishia upatanisho mahali pawili, nikampa alama zake.

Walimu watakaojaribu mazoezi haya katika madarasa yao wanaombwa kuniletea insha mbili au tatu, nzuri au mbaya, kabla ya toleo lijalo. Yangu pia nitaileta, safari hii pamoja na tumbusi, mbweha na mbwa wetu.